Maji Yaingiayo Mjini na Maji Yatokayo

1. Njia mbili za maji

Watoto, robine ya kwanza inapofunguliwa katika mji mdogo, watu hupiga vigelegele. Akina mama hawateremki tena mtoni na ndoo kichwani. Wakubwa hutoa hotuba, na kila mtu anataka kuonja maji yale. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini siku ile ni wachache wanaouliza neno la pili: Maji haya yakiisha kufua nguo, kuogesha watoto, kuosha vyungu na kusafisha choo, yatakwenda wapi?

Maji hayaliwi yakaisha kama ugali. Nyumba ikiingiza litri kumi za maji, karibu litri nane zitatoka tena. Nazo hazitoki kama zilivyoingia. Zatoka na sabuni, mafuta, mchanga, mkojo na kinyesi. Basi, kila mji una njia mbili za maji: njia ya kuingia na njia ya kutoka. Njia ya kwanza watu huipenda na kuitunza. Njia ya pili huisahau, kwa sababu inanuka. Ndiyo maana somo la leo ni juu ya njia ya pili.

2. Shimo la kijiji na shimo la mji

Katika kijiji cha watu 300, nyumba ziko mbalimbali. Kila baba huchimba shimo nyuma ya nyumba, hulifunika kwa miti na udongo, hujenga kuta za matete, na choo kimekwisha. Shimo likijaa, hulifukia na kuchimba jingine hatua chache mbele. Desturi hii ni nzuri, nayo ni ya zamani. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati twaona kwamba Waisraeli waliagizwa kuweka mahali pa haja nje ya kambi, kuchimba shimo, na kufunika uchafu kwa udongo.

Udongo ni mfanyakazi mwema. Maji machafu yakipita polepole katikati ya udongo, uchafu hushikwa humo na mikrobi nyingi hufa. Lakini udongo una nguvu zake na mpaka wake. Choo kiwe mbali na kisima, yapata metro 30 au zaidi. Tena chini ya shimo pabaki udongo mkavu, metro moja na nusu au zaidi, kabla ya kufikia maji ya ardhini.

Sasa tazameni kijiji hicho kinapogeuka mji. Barabara imepita, soko limefunguliwa, shule na hospitali zimejengwa. Watu wamefika kutoka pande zote. Kiwanja kilichokuwa cha nyumba moja sasa kina nyumba nne. Shimo likijaa, hakuna mahali pa kuchimba jingine. Choo cha huyu kiko karibu na kisima cha yule. Udongo umeshiba, hauwezi kunywa tena.

Tufanye hesabu. Mtu anayechota maji kwa ndoo hutumia yapata litri 20 kwa siku. Mtu mwenye robine nyumbani aweza kutumia litri 100. Tuseme mji una watu 10,000, nao wote wamepata robine. Watatumia litri 1,000,000 kila siku. Litri 800,000 zitatoka zikiwa chafu. Pipa kubwa la chuma hushika litri 200. Basi, mji huo utamwaga mapipa 4,000 ya maji machafu kila siku, Jumapili na sikukuu pia.

Kumbe, robine ndiyo inayoamsha shida ya maji machafu! Si kwamba robine ni mbaya. Lakini anayeleta robine bila kutengeneza njia ya kutoka amefanya nusu ya kazi. Mji wa namna hiyo haukui, huvimba tu.

3. Maji machafu yakikosa njia

Maji hayangoji ruhusa. Yakikosa njia, hujifanyia yenyewe. Hushuka barabarani, hutuama mbele ya milango, huingia kisimani na mtoni. Mbu huzaliana katika vidimbwi vyake. Watoto hukanyaga mayai ya minyoo. Na ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni kolera, ndicho kipindupindu.

Mikrobi ya kolera hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, huingia katika maji au chakula, na mtu mwingine huimeza. Mgonjwa huhara na kutapika hata maji ya mwili wake yakaisha. Asipotibiwa aweza kufa katika muda wa saa chache. Akinyweshwa upesi maji yenye sukari na chumvi yaliyopimwa vema, na wakimtia maji mshipani hospitalini akizidiwa, wengi hupona. Lakini dawa humponya mtu mmoja. Njia njema ya maji machafu hulinda mji wote.

Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda wakafika Goma. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, magumu mno. Jembe halikuweza kuchimba mashimo ya vyoo, na watu wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyasafisha. Katika mwezi ule wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Hapo twajifunza neno kubwa: kabla ya kukusanya watu mahali, tujue kwanza kama ardhi ya hapo yaweza kupokea uchafu wao. Kama haiwezi, njia nyingine itafutwe mapema.

Tazameni pia Ziwa Tanganyika. Ni lenye kina kirefu sana. Mahali pengine lafika metro 1,470. Lakini mto unaolitoa maji ni mmoja tu, yaani Lukuga, unaoanzia Kalemie. Kwa hiyo maji yanayoingia ziwani hukaa humo miaka mingi sana. Miji ya pwani yake, kama Kalemie, Moba, Baraka na Uvira, imepigwa na kolera mara nyingi. Watu huoga ziwani, hufua ziwani, huchota ziwani, na uchafu wa mji hushuka ziwani humo humo. Mvuvi wa Kongo, wa Burundi, wa Tanzania na wa Zambia wote hutazama ziwa moja. Asiyetunza maji yake machafu humtendea ubaya jirani asiyemwona.

4. Shimo la Bwana Mouras

Watu walipata wapi akili ya kusafisha maji machafu? Waliipata polepole, na mara nyingi katika miji midogo.

Mashariki ya Ufaransa uko mji uitwao Vesoul. Karibu mwaka 1860, mtu mmoja wa huko, Bwana Louis Mouras, alijenga shimo la mawe kwa ajili ya vyoo vya nyumba. Alilifunika kabisa ili hewa isiingie. Bomba moja lilileta uchafu, na bomba la pili lilitoa maji yaliyozidi. Ncha za mabomba yote mawili zilizama ndani ya maji.

Baada ya miaka mingi shimo lilifunguliwa. Walidhani litakuwa limejaa mavi mpaka juu. Kumbe, lilikuwa na maji, na vitu vigumu vilikuwa vichache! Vilikwenda wapi? Viliyeyushwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi bila hewa na kula uchafu. Padri mmoja mwenye elimu, Abbé François Moigno, alipendezwa na jambo hilo, akalitangaza mwaka 1881 katika gazeti lake la elimu. Hivyo shimo la Vesoul likajulikana mbali.

Leo twaliita fosi septiki. Ndani yake uchafu hugawanyika mara tatu. Mafuta huelea juu. Vitu vizito huzama na kuwa tope. Katikati hubaki maji, nayo hutoka kwenda katika shimo la pili lenye mawe, yapate kunywewa na udongo. Fosi septiki yafaa sana kwa shule, kwa hospitali na kwa nyumba yenye kiwanja kipana.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, maji yanayotoka katika fosi bado yana mikrobi za ugonjwa; yasimwagwe barabarani wala mtoni. Pili, tope hujaa. Baada ya miaka michache, pengine miwili, pengine mitano, halina budi kuondolewa. Nani ataliondoa? Nalo litapelekwa wapi? Mji usioweza kujibu maulizo hayo mawili una mashimo mengi, lakini hauna usafi. Tope likitolewa katika fosi usiku na kumwagwa katika kijito, ugonjwa haukuondolewa, umehamishwa tu.

Katika miaka ya 1990, huko Kibera, mtaa wa Nairobi, walijaribu kigari kidogo chenye tanki na mashine ya kunyonya tope, kiitwacho Vacutug. Ni kidogo hata chaweza kupita katika vijia ambamo lori haliingii. Tope lililonyonywa lapasa kupelekwa mahali palipotayarishwa, nje ya mji. Hapo humwagwa juu ya vitanda vya mchanga na mawe madogo. Maji huchujwa chini, na jua hukausha tope juu.

5. Mabwawa matatu

Mji ukizidi kukua, mashimo ya nyumba moja moja hayatoshi. Hapo yafaa mabomba ya kukusanya maji machafu ya nyumba nyingi na kuyapeleka mahali pamoja. Watu wengi hufikiri kazi hiyo yataka mashine kubwa na umeme. Si lazima. Katika nchi zetu za joto tunaye mfanyakazi asiyedai mshahara: jua.

Chini ya mji, mahali maji yanapoweza kuteremka yenyewe, huchimbwa mabwawa matatu yanayofuatana.

Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, metro 2 hadi 5. Humo vitu vizito huzama, na vijidudu visivyopenda hewa huvila, kama katika shimo la Bwana Mouras. Maji hukaa humo siku chache.

Bwawa la pili ni pana zaidi, na kina chake ni kati ya metro 1 na 2. Maji yake ni ya kijani, kwa maana yamejaa majani madogo mno yasiyoonekana moja moja kwa macho. Jua likiwaka, majani hayo hutoa oksijeni ndani ya maji. Vijidudu vya aina nyingine, vinavyopenda hewa, huitumia oksijeni hiyo na kula uchafu uliobaki. Hivyo jani humpa kijidudu hewa, na kijidudu hulipa jani chakula. Tazameni jinsi Mungu alivyopanga vitu vidogo visaidiane!

Bwawa la tatu ni la kina kifupi, yapata metro moja. Hapo mwanga wa jua hupenya maji na kuua mikrobi nyingi za ugonjwa. Mayai ya minyoo huwa yamekwisha kuzama njiani.

Turudi kwa mji wetu wa watu 10,000. Maji yake machafu ni metro kubiki 800 kwa siku. Yakikaa katika mabwawa siku 20, mabwawa yatashika metro kubiki 16,000. Kina chake kikiwa metro moja na nusu kwa wastani, yataka eneo lipitalo kidogo hekta 1. Ukiongeza kingo na njia za kupita, ni karibu hekta 2. Ni shamba la ukubwa wa kawaida, wala si nchi nzima.

Mabwawa ya namna hiyo hayatumiki katika miji midogo tu. Huko Dandora, mabwawa mengi hupokea maji machafu ya Nairobi. Na huko Ulaya, katika miaka ya 1950, Bibi Käthe Seidel wa Ujerumani alichunguza jinsi mimea ya majini isaidiavyo kusafisha maji. Leo Ufaransa ina vijiji vingi sana vinavyomwaga maji machafu juu ya vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Changarawe huchuja, vijidudu hula, na matete hufungua njia ili changarawe zisizibe. Nasi tuliozaliwa kati ya matete, tusiyadharau.

6. Kupanga kabla ya kujenga

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazi ya maji machafu ina gharama ndogo ikianzwa mapema, na gharama kubwa ikicheleweshwa. Basi, wakubwa wa komini wanaotaka mji wao ukue wafanye nini?

Kwanza, wahesabu watu: wa leo, na wale watakaokuwapo baada ya miaka 20. Anayejengea watu wa leo peke yao atabomoa kesho.

Pili, watenge ardhi ya mabwawa wakati bado ni pori. Hili ndilo neno linalosahauliwa kuliko yote. Mahali pa chini, karibu na kijito, leo hapana nyumba. Baada ya miaka michache watu maskini watajenga hapo, kwa kuwa hawana pengine. Mabomba yatakapofika, hapatakuwa na mahali pa bwawa ila kwa kuwafukuza watu. Afadhali kuweka alama leo kuliko kubomoa nyumba ya mjane kesho.

Tatu, wajenge kwa hatua. Si lazima kuanza na mabomba makubwa. Huko Natal, Brazili, katika miaka ya 1980, mafundi walilaza mabomba membamba, yenye upana wa milimetro 100, si chini sana, yakipita katika viwanja vya majirani na kandokando ya nyumba. Gharama ilipungua sana. Lakini majirani walipaswa kupatana, kwa sababu bomba la mmoja likiziba, wote huona shida.

Nne, wasitenganishe kazi zinazofuatana. Mwaka 2004 shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UN-Habitat, pamoja na serikali za Kenya, Uganda na Tanzania, walianza kusaidia miji midogo kandokando ya Ziwa Victoria, kama Kisii, Homa Bay, Bukoba, Muleba na Kyotera. Walitazama pamoja maji safi, vyoo, taka na mifereji ya mvua. Ni haki, kwa sababu taka zikitupwa katika mfereji, mfereji huziba. Na mfereji ukiziba, mvua huingia vyooni na kutoa yaliyomo.

Tano, waweke fedha za utunzaji. Bomba huziba kwa matambara na mifuko ya plastiki. Kingo za bwawa huota majani. Tope la bwawa la kwanza halina budi kutolewa baada ya miaka kadhaa. Kama hakuna mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, bwawa zuri litageuka kinamasi. Kila nyumba ilipe kidogo, na hesabu isomwe mbele ya watu wote.

Katika nchi yetu ya Kongo, sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilizipa majimbo na serikali za mahali wajibu katika huduma ya maji. Zamani watu walizoea kusema: "Hiyo ni kazi ya Regideso." Sasa kila mji wapaswa kujiuliza pia: "Na sisi, je?"

7. Kazi yenye heshima

Watoto, msimcheke mtu anayesafisha vyoo. Muganga huponya wagonjwa. Yeye huwazuia watu wasiugue. Apewe viatu virefu, mifuko ya mikono, maji na sabuni, na mshahara unaomfaa. Asiteremke kamwe shimoni peke yake, maana ndani ya shimo lililofunikwa mna hewa mbaya inayoua ghafula.

Wengine kati yenu mtakuwa waashi, wengine wapimaji wa ardhi, wengine wakubwa wa komini. Siku hiyo mtakapoletewa karatasi ya kuchora mtaa mpya, tafuteni kwanza mstari wa maji yatokayo. Usipouona, ulizeni, wala msitie sahihi mpaka mmeonyeshwa. Kwa leo mwaweza kutumia choo vema, kukifunika, kunawa mikono kwa sabuni au majivu, na kutotupa kitu chochote katika mfereji. Kijito kinachopita kwenu kitafika kwa mtu mwingine kabla ya jua kuchwa. Naye pia atakunywa.

Maulizo

1. Kwa nini robine huzidisha shida ya maji machafu?
2. Kwa nini choo cha kijiji hakitoshi mjini?
3. Ardhi ya Goma ilileta shida gani mwaka 1994?
4. Eleza sehemu tatu za uchafu ndani ya fosi septiki.
5. Katika bwawa la pili, majani madogo hufanya kazi gani?
6. Mji una watu 5,000. Kila mtu hutumia litri 50 kwa siku, na sehemu nane katika kumi hutoka zikiwa chafu. Ni mapipa mangapi ya litri 200 kila siku?
7. Tembea kwenu, uangalie maji machafu yanakokwenda. Chora njia yake mpaka mwisho.